Diski ya 2 TB, mzigo wa 2.4T, na nafasi sifuri: uamini namba ipi?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Ofisini kwetu hapa Makole, Dodoma, tunapima viwanja kwa droni. Seva yetu ina SSD moja ya 2 TB yenye mfumo wa faili wa Btrfs, nimeweka `compress=zstd` ili ibane data, na kila usiku inapiga snapshoti (kumbukumbu ya mafaili yalivyo wakati huo). Sasa `du -sh /kazi` inasema 2.4T. `df -h /kazi` inasema saizi 1.9T, imetumika 1.6T, iliyobaki 0. Wiki iliyopita nilifuta folda ya mradi wa Nzuguni yenye 310G, lakini df ikashuka 4G tu. Tangu jana kukopi faili jipya kunagoma: `No space left on device`. Nani anadanganya? Ninunue diski nyingine? Nimekuwekea na matokeo ya `compsize` (inayopima kubana) na `btrfs filesystem usage`.

JIBU: Diski usinunue bado. Na kwa sasa usifute chochote zaidi ndani ya /kazi mpaka umalize kusoma, kwa sababu kila unapofuta faili Btrfs inaandika kwanza kwenye metadata (maelezo ya kila faili na mahali vipande vyake vilipo), na metadata ndiyo iliyokukwamisha.

Hakuna anayedanganya. Tatizo ni kwamba `du` na `df` zimejibu maswali mawili tofauti, na swali lako wewe ni la tatu. `du` imejibu: data hii ina urefu gani ikifunguliwa? `df` imejibu: kwenye diski kumekaliwa kiasi gani, na bado naweza kupokea kitu? Wewe unataka kujua: nikifuta hiki nitapata nafasi kiasi gani, na nikileta kile kitakula kiasi gani? Hilo hakuna hata moja kati yake inayolijibu.

Fikiria ghala pale Kibaigwa. Mkulima analeta debe saba za mahindi, wapakiaji wanashindilia lumbesa, zote zinaingia gunia moja. Mkulima anahesabu debe. Mwenye ghala anahesabu magunia, maana yeye anapangisha sakafu. Yupo na wa tatu, karani mwenye daftari: daftari likijaa kurasa zote, gunia halipokelewi hata kama sakafu ina nafasi. Katika Btrfs `du` ndiye mkulima, `df` ni mwenye ghala, metadata ni daftari la karani. Seva yako ina nafasi sakafuni. Daftari ndilo limejaa.

Kabla ya hapo, tuondoe jambo dogo. Diski ya 2 TB imehesabiwa na kiwanda kwa elfu, Linux inahesabu kwa 1024, hivyo unapata GiB 1863, yaani TiB 1.82, na `df -h` huzungusha kwenda juu ikaandika 1.9T. Hakuna kilichopotea. Kuanzia hapa nitatumia GiB tu.

Sasa tuangalie kubana kunakofanyika, kwa karibu. Btrfs haibani faili zima kwa mkupuo. Inalikata vipande visivyozidi KiB 128, kila kipande kinabanwa peke yake, kisha kinaandikwa kwa sekta za KiB 4. Chukua faili lenu la pointi, lile la maandishi lenye X, Y na Z kila mstari. Kipande kimoja cha KiB 128, yaani baiti 131,072, tuseme kimebanwa na zstd kikawa baiti 45,000. Hakikai kwenye baiti 45,000. Kinachukua sekta 11 kamili, baiti 45,056, yaani KiB 44. Kwa hiyo kipande hicho `du` inakihesabu 128, diski inakihesabu 44.

Picha ya droni ya JPEG ni habari nyingine. JPEG imeshabanwa ndani ya kamera yenyewe, zstd haipati cha kushindilia. Kipande kikibanwa na kisiokoe hata sekta moja, Btrfs inakiandika kilivyo. Zaidi ya hapo, kwa `compress` ya kawaida keneli, yaani kiini cha Linux, huonja data kabla ya kujisumbua, na ikiona mwanzo wa faili haubaniki inaweza kulitia alama faili zima lisijaribiwe tena. Hilo kwa JPEG ni jema. Kwa faili lenye kichwa kisichobanika na mwili unaobanika ni hasara, na ndiyo sababu watu hukimbilia `compress-force`. Kwa mzigo wenu sikushauri: picha ni nyingi, na `compress-force` hata data isiyobanika huikatakata vipande vidogo vidogo, kila kipande kikidai mstari wake kwenye daftari ambalo tayari limejaa.

Tusome `compsize` yako ya /kazi:

```
Type     Perc   Disk Usage   Uncompressed   Referenced
TOTAL    57%    1.2T         2.1T           2.3T
none     100%   720G         720G           780G
zstd     36%    519G         1.4T           1.5T
```

Safu ya `Disk Usage` ndiyo sakafu: 720 na 519, jumla GiB 1239. `Uncompressed` ni data hiyohiyo ikifunguliwa, kila kipande kikihesabiwa mara moja. `Referenced` ni jinsi mafaili yanavyoonekana kwa mtumiaji, na kipande kinachotumiwa na mafaili mawili kinahesabiwa mara mbili. Hii ya mwisho ndiyo inayokaribiana na `du`: 2.3T hapa, 2.4T kule kwa sababu ya kuzungusha kwenda juu.

Tofauti kati ya 2.1T na 2.3T imetoka wapi? Ni kopi. Tangu coreutils 9.0 ya mwaka 2021 (kifurushi chenye amri kama `cp` na `du`), `cp` ndani ya Btrfs haiandiki data upya. Inatengeneza jina jipya linaloelekea vipande vilevile. Mtu akikopi folda ya GiB 60 ili "asiharibu ya asili", diski haisogei ila kidogo kwenye metadata, lakini `du` inaongeza 60. Akifuta kopi hiyo, `du` inapungua 60 na diski haipati kitu. Kwa hiyo ukitafuta folda ya kufuta kwa kupanga orodha ya `du`, unaweza kufuta siku nzima ukapata nafasi ya faili moja la Excel.

Hapo tunafika Nzuguni.

Snapshoti ni orodha nyingine ya vipande vilevile, iliyoshikiliwa isibadilike. Ulipofuta folda ya Nzuguni kutoka /kazi, ulifuta jina moja. Snapshoti za usiku zilikuwa bado zinaelekea vipande hivyo, hivyo Btrfs haikuwa na ruhusa ya kuviachia. GiB 4 ulizozipata ni za mafaili yaliyoingia baada ya snapshoti ya mwisho, ambayo hakuna snapshoti iliyoyashika. GiB 306 zilizobaki ziko palepale, nikichukulia kwamba ile 310G ni nafasi halisi ya diskini.

Hili linathibitika kwa hesabu. Matokeo yako ya `usage`, nikizungusha:

```
Device size           1863
Device unallocated       0
Data, single      Size 1847     Used 1598
Metadata, DUP     Size 8.00     Used 7.50
GlobalReserve     Size 0.50     Used 0.00
```

Data iliyokaliwa ni 1598. /kazi peke yake inakalia 1239. Pengo ni GiB 359: hizo 306 za Nzuguni, na 53 ambazo ni matoleo ya zamani ya mafaili mliyoyahariri na kuyahifadhi upya. Zote zinashikwa na snapshoti tu. Unaweza kulihakiki mwenyewe kwa kupima vyote viwili kwa pamoja:

```
sudo compsize /kazi /snapshoti
```

Ukizipa njia zote mbili katika amri moja, `compsize` inatambua kipande kilekile hata kikitajwa na snapshoti thelathini, na inakihesabu mara moja. Itachukua muda na kumbukumbu kubwa ikiwa snapshoti ni nyingi, iache ifanye kazi. Usijaribu hilo kwa `du`. Kila snapshoti itahesabiwa upya na utaona makumi ya terabaiti. Na kwa wale ambao snapshoti zao zimekaa ndani ya folda wanayoipima, `du -x` inazikwepa, kwa kuwa kila subvolyumu (tawi linalojitegemea ndani ya Btrfs, na snapshoti ni mojawapo) ina namba yake ya kifaa.

Ipo pia `btrfs filesystem du -s`, yenye safu ya `Exclusive`, yaani kitakachoachiwa ukifuta kitu hicho peke yake. Ni nzuri, ila ina mitego miwili. Haijui kubana: inataja urefu uliofunguliwa. Na kipande kilichoshikwa na snapshoti mbili si `Exclusive` kwa yeyote kati yao. Utaona snapshoti ya Jumatatu ina 0, ya Jumanne ina 0, ukadhani hazina kitu, kumbe ukizifuta zote mbili unapata GiB 306. Ukitaka nafasi ya Nzuguni irudi, sharti ufute kila snapshoti iliyopigwa kati ya siku folda ilipoingia na siku ulipoifuta. Ikibaki moja tu, umefanya kazi bure.

Sasa kwa nini kukopi kunagoma wakati 1847 ukitoa 1598 ni 249? Btrfs haigawi diski moja kwa moja kwa mafaili. Kwanza inakata maeneo makubwa, kwa data kwa kawaida GiB 1 kila moja, na kila eneo linapewa kazi: hili la data, hili la metadata. Eneo la data halipokei metadata hata likiwa tupu nusu. Diski yako imegawiwa yote. `Device unallocated` ni sifuri. Data ina GiB 249 zilizotawanyika ndani ya maeneo yake. Metadata ina GiB 8, imetumia 7.50, na ile 0.50 iliyobaki ndiyo `GlobalReserve`, akiba ambayo mfumo unajiwekea kwa kazi za lazima kama kufuta. Kwa faili jipya, daftari halina ukurasa, wala hakuna sehemu ya kukatia daftari jipya. `df` inaiona hali hiyo na kwa makusudi inaandika iliyobaki 0, ingawa 1.6T haifikii 1.9T. Hapo `df` ilikuwa inakupa onyo la kweli kabisa.

DUP maana yake metadata inaandikwa mara mbili, kwa hiyo GiB 8 zinakula 16 za diski: 1847 na 16, jumla 1863.

Wengi huuliza kwa nini daftari likue hivyo. Kubana kwenyewe ni sababu mojawapo. Faili lisilobanwa linaweza kuwa na ekstenti (kipande cha data kilichoandikwa mfululizo) moja ndefu ya hadi MiB 128. Lililobanwa linavunjwa kila KiB 128, kwa hiyo GiB 1 ya pointi ni ekstenti 8192, na kila moja ina maelezo yake. Una GiB 1440 zilizobanwa. Zidisha mwenyewe: ni ekstenti zaidi ya milioni 11. Kuna pia alama za ukaguzi (checksum, za kugundua data iliyoharibika), baiti 4 kwa kila KiB 4, ambazo kwa GiB 1598 zako ni kama GiB 1.6. Na kuna mafaili madogo sana, chini ya baiti 2048, ambayo Btrfs kwa kawaida inayaweka ndani ya metadata yenyewe badala ya kuyapa sekta. Kama kuna mtu ofisini anakata ramani kuwa vigae vya PNG, laki kadhaa za picha ndogondogo, hapo ndipo kurasa zinapokwisha. Vigae vya namna hiyo viwekwe ndani ya faili moja la MBTiles au GeoPackage, au kwenye tar baada ya mradi kukabidhiwa.

Sasa kazi. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza simamisha kila kinachoandika: kopi zinazogoma na kujirudia, ratiba ya snapshoti za usiku, programu ya kuchakata picha. Kisha orodhesha snapshoti:

```
sudo btrfs subvolume list -s /kazi
```

Amri hii inaonyesha na muda ambao kila moja ilipigwa. Chagua za kale zinazoangukia kipindi cha Nzuguni. Kabla hujafuta, hakikisha mradi huo una nakala mahali pengine, au kweli hauhitajiki tena, kwa sababu snapshoti hizi kwa sasa ndiyo sehemu pekee ulipobaki kwenye diski hii. Halafu futa moja moja, ukianza na ya zamani kuliko zote:

```
sudo btrfs subvolume delete /snapshoti/JINA
```

Kama mnatumia Snapper, programu ya kusimamia snapshoti, futa kwa amri za Snapper yenyewe, la sivyo orodha yake haitalingana na kilichopo.

Amri itarudi mara moja, na `df` haitasogea. Usifadhaike. Kuondoa jina ni jambo la sekunde. Kuviachia vipande kunafanyika nyuma ya pazia, na kwenye metadata iliyobanana kama hii huenda taratibu. Subiri kwa:

```
sudo btrfs subvolume sync /kazi
```

Ikirudi, kazi imekwisha. Mafaili ya Nzuguni yaliingia kwa pamoja, hivyo yalikuwa yamejaza maeneo mazima ya data. Maeneo hayo yakibaki matupu kabisa, keneli huyarudisha yenyewe kwenye `unallocated`, na imekuwa ikifanya hivyo tangu toleo la 3.18. Endesha tena `sudo btrfs filesystem usage -g /kazi`. Unachotafuta ni `Device unallocated` kupanda kutoka sifuri. Ikifika hata GiB chache, metadata itapata pa kukua na kukopi kutaanza kufanya kazi.

Kisha kusanya maeneo yaliyobaki nusunusu, kwa kiasi:

```
sudo btrfs balance start -dusage=30,limit=20 /kazi
```

Hii inachukua maeneo ya data yaliyojaa chini ya asilimia 30, yasiyozidi ishirini, inahamishia yaliyomo kwenye maeneo mengine na kuyaachia. Ikimaliza bila kupata kitu, panda hadi 50. Hakuna haja ya kwenda mbali zaidi: eneo lililojaa asilimia 90 ukilihamisha umeandika GiB 0.9 upya ili upate 0.1, na SSD inachakaa kwa maandishi. Na nakusihi, usiendeshe `balance` ya metadata, ile ya `-m`, wala `balance` bila kichujio chochote. Itayapunguza maeneo ya metadata mpaka yalingane na kinachotumika, nafasi iliyobaki itachukuliwa na data, na baada ya mwezi utarudi hapahapa.

Je, kufuta snapshoti nako kukigoma kwa kukosa nafasi? Hutokea mara chache, na dawa yake ni kuongeza kifaa cha muda:

```
lsblk
sudo btrfs device add /dev/sdX /kazi
```

Weka herufi ya kifaa chako badala ya X baada ya kuihakikisha kwenye `lsblk`, kwa sababu kila kilichomo ndani ya kifaa hicho kitapotea. Tumia diski ya nje ya kuaminika. Usitumie faili lililoko kwenye RAM kama baadhi ya watu wanavyoelekeza: umeme ukikatika kabla hujamaliza, sehemu ya metadata yako imekwenda na umeme, na mfumo mzima wa faili unaweza kugoma kufunguka. Kwa sababu hiyohiyo seva iwe kwenye UPS wakati wote wa zoezi. Futa snapshoti, fanya `balance`, kisha `sudo btrfs device remove /dev/sdX /kazi`, na usichomoe waya mpaka amri hiyo irudi yenyewe.

Mambo yakitulia, rudi kwenye mstari wa `none`, zile GiB 720. Nyingi zitakuwa JPEG na hapo hakuna la kufanya. Lakini pima folda moja moja:

```
sudo compsize /kazi/MRADI/pointi
```

Folda ya maandishi ya pointi au LAS (muundo mwingine wa faili la pointi) ikionyesha `none 100%`, kuna sababu, na mara nyingi ni moja kati ya hizi. Yaliandikwa kabla hujaweka `compress`, maana kubana kunahusu kinachoandikwa kuanzia hapo tu. Au folda ina alama ya C, utaiona kwa `lsattr -d`, ambayo inazima kubana pamoja na alama za ukaguzi. Au programu iliyoandika inajitengea nafasi mapema kabla ya kujaza, kama zifanyavyo programu nyingi za kupakua, na Btrfs haibani kinachoandikwa kwenye nafasi iliyotengwa. LAZ usiihangaikie, ni LAS iliyokwisha kubanwa. GeoTIFF, yaani picha yenye majira ya ramani, inategemea: iliyohifadhiwa bila kubanwa itapungua vizuri, yenye LZW au JPEG ndani haitapungua.

Mafaili ya zamani yanayostahili kubanwa unaweza kuyaandika upya:

```
sudo btrfs filesystem defragment -r -czstd /kazi/MRADI/pointi
```

Ila angalia. Amri hii inatengana na snapshoti na kopi zote. Data mpya iliyobanwa inaandikwa, ya zamani inabaki mikononi mwa snapshoti, na kwa muda unakuwa na zote mbili. Nimeiweka mwishoni kwa makusudi. Ukiianza leo, na diski ilivyo, unaizamisha. Ifanye baada ya snapshoti za kale kwisha, mradi mmoja mmoja.

Kiwango cha zstd kiache kwenye 3, ambacho ndicho cha kawaida. Unaweza kupanda hadi 15, lakini kuandika kutakuwa kuzito, na picha zako hazitapungua hata kidogo.

Ukikutana na seva ya ZFS, mfumo mwingine wa faili unaobana, usibebe mazoea haya. Huko `du` inaonyesha kilichokwisha kubanwa, na urefu halisi unaupata kwa `du --apparent-size` au `ls -l`. Uwiano unaonekana kwa `zfs get used,logicalused,compressratio`, na `zfs list -o space` inakutenganishia kinachoshikwa na snapshoti kwenye safu ya `USEDSNAP`. Faili ulilomaliza kuandika sasa hivi linaweza kuonekana lina nusu KiB tu. Ngoja sekunde kadhaa ZFS iandike kundi lake, upime tena.

Swali la kununua diski. Ukizirudisha zile 306 za Nzuguni utakuwa na 249 + 306, yaani GiB 555, ukiacha zile 53 za matoleo ya zamani. Usipige makadirio kwa ile 57% ya jumla. Hiyo ni wastani wa mchanganyiko wa leo, na mradi mpya una mchanganyiko wake. Hesabu kila aina peke yake: picha kwa urefu wake kamili, pointi kwa asilimia 36, au asilimia utakayoipima kwenye folda zenu za pointi. Mradi wenye GiB 60 za picha na GiB 40 za pointi unakula 60 + 14.4, yaani 74.4. Miradi mitano ya namna hiyo ni 372, unabakiwa na 183, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya diski. Hapo ndipo ningeagiza diski mpya, si mradi wa nane unapoanza kugoma. Na hesabu hiyo inasimama endapo tu snapshoti zina kikomo. Weka siku saba, na kila mradi mkubwa ukifutwa kumbuka kwamba nafasi yake inarudi wiki moja baadaye.

Diski ya nakala ya akiba ni hesabu nyingine, na hapa `du` ndiyo ya kuisikiliza. Ukikopi /kazi kwa rsync kwenda kwenye diski ya nje yenye ext4, mfumo wa faili usiobana, kubana hakusafiri na data wala kopi zinazoshirikiana vipande hazisafiri. Kila kitu kinafunguka: 2.3T. Diski ya nje ya 2 TB haitoshi, utahitaji ya 4 TB. Ukiiweka Btrfs yenye `compress=zstd` nayo, rsync itabana upya inapoandika, na 2 TB inaweza kutosha, japo zile kopi bado zitaandikwa kila moja peke yake. `btrfs send` ya snapshoti huhifadhi hata ushirikiano huo ndani ya subvolyumu, na kuanzia keneli 6.0 ukiongeza `--compressed-data` inasafirisha vipande vikiwa vimebanwa vilevile, bila kuchosha kichakataji cha seva kufungua na kubana tena.

Kuanzia sasa weka kwenye cron (ratiba ya amri za Linux) ya kila asubuhi amri ya `btrfs filesystem usage -g /kazi` ikutumie mistari miwili: `Device unallocated` na `Metadata`. Ya kwanza ikishuka chini ya GiB 20, futa snapshoti za kale na uendeshe ile `balance` ya asilimia 30 siku hiyohiyo, kazi za ofisini zikiwa bado zinaendelea kama kawaida.